Leo Mimi Si Daktari Wako

Sentensi ya kwanza utakayojifunza katika kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Mtu ameletwa mbele yako na askari magereza wawili. Pingu zimemwacha alama kwenye vifundo vya mikono, amekaa rumande miezi tisa bila mtu kumuuliza hali. Anakuona na koti jeupe, uso unamlainika, anasema, "Shikamoo dokta. Afadhali umekuja." Nawe inabidi umjibu: "Marahaba. Mimi ni daktari kweli, lakini leo mimi si daktari wako. Nimeombwa na mahakama. Utakayoniambia nitayaandika, na jaji atayasoma. Usipotaka kujibu jambo, una ruhusa."

Madaktari vijana wengi wanaonijia wakitaka kuingia katika udaktari wa akili wa mahakamani, nikiwasimulia sentensi hiyo, huitikia upesi kisha huuliza habari za wauaji. Wamezipata kwenye filamu na tamthilia, na siwalaumu, maana mimi mwenyewe nilivutwa na kurasa za mbele za magazeti. Wachache hunyamaza kidogo, halafu huuliza: "Na akiendelea kuzungumza kwa sababu hana mwingine wa kuzungumza naye?" Hao wachache ndio ninaowaandikia hapa.

Nianze na kazi yenyewe. Mtaani "apimwe akili" ni tusi. Dar es Salaam watakwambia fulani ametoroka Mirembe, Nairobi watasema apelekwe Mathari, Unguja watataja Kidongo Chekundu, zote hospitali za akili. Mahakamani maneno hayo hayo ni amri yenye tarehe. Tanzania Bara, kifungu cha 220 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinairuhusu mahakama, ikiona huenda mshtakiwa hakuwa na akili timamu alipotenda jambo, iamuru awekwe hospitali ya akili na achunguzwe, na ripoti irudi ndani ya siku 42. Wengi hupelekwa Isanga, Dodoma, taasisi iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe. Kenya wana mazoea yao: mshtakiwa wa mauaji kwa kawaida hupimwa kabla hata hajasomewa shtaka, ndiyo maana magazeti ya huko hayaishi kuandika kwamba fulani atabaki rumande hadi ijulikane kama anaweza kujibu mashtaka. Hata washtakiwa wa Shakahola, baada ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa katika msitu ule wa Kilifi kuanzia mwaka 2023, walipitishwa kwanza kwa madaktari wa akili.

Siku 42 zinasikika nyingi. Zihesabu. Wiki ya kwanza mtu ana homa, au mwili unadai bangi na gongo alivyozoea, na huwezi kupima akili ya mtu anayetetemeka. Jalada limekuja na hati ya mashtaka tu, maelezo ya mashahidi yamebaki polisi, unaandika barua, unapiga simu, unaambiwa mhusika yuko likizo. Mama yake anaishi Kasulu na nauli ya kuja Dodoma hana. Wewe una wodi nzima ya wagonjwa wengine. Mwishowe unajikuta na mahojiano matatu marefu, simu mbili zenye mkwaruzo na daftari la wauguzi. Kwa hayo unatakiwa kumwambia jaji kilichokuwa kichwani mwa mtu usiku ambao hukuwepo.

Maswali ya mahakama ni mawili na daktari mgeni huyachanganya. La kwanza ni la leo: je, huyu anaelewa ameshtakiwa kwa nini, anajua jaji ni nani na wakili wake yuko upande gani, anaweza kufuatilia shahidi anachosema na kumnong'oneza wakili kwamba shahidi anadanganya? La pili ni la wakati ule wa tukio. Mtu anaweza kuwa alikuwa mgonjwa kabisa usiku ule na leo ni mzima, kwa kuwa gerezani kuna mhudumu wa afya aliyempa sindano ya mwezi. Na anaweza kuwa alikuwa mzima usiku ule, akaugulia rumande. Ukiandika "mshtakiwa ana akili timamu" bila kusema timamu lini, umeandika sentensi isiyo na maana, na nimeziona nyingi.

Sheria zetu zinaanza na dhana kwamba kila mtu ni mzima wa akili mpaka ithibitishwe vinginevyo: vifungu vya 12 na 13 vya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, vya 11 na 12 kwa Kenya. Mzizi wake uko London. Januari 1843 Daniel M'Naghten, mtu aliyeamini kwamba chama tawala kinamwandama, alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, na Drummond akafa. Baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, Malkia Victoria akakasirika, na majaji wakatakiwa kueleza kanuni ni ipi. Walichojibu mwaka ule ndicho kimetufikia Dodoma na Nairobi: je, ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe anachofanya, au asitambue kwamba hapaswi kukifanya? Tanzania imeongeza tawi la tatu, la mtu asiyeweza kujizuia kwa sababu ya ugonjwa huo, na tawi hilo ndilo linaloleta ubishi mkubwa mahakamani. Wanaodhani utetezi huu ni mlango wa kutokea wakumbuke kwamba M'Naghten hakuuona uraiani tena. Alitoka kizimbani akaingia Bethlem, akahamishiwa Broadmoor, akafia huko mwaka 1865.

Sasa tazama tena vifungu hivyo. Neno skizofrenia halimo. Baipola haimo. Hapo ndipo nilipoangukia.

Mara yangu ya kwanza kutoa ushahidi wa kitaalamu nilikuwa na ripoti ya kurasa sita, nzuri kwa macho yangu. Nilikuwa nimeeleza ugonjwa, muda wake, dawa, historia ya ukoo, kila kitu. Wakili wa Serikali aliinuka, mama mmoja mpole wa sauti, akaniuliza swali moja: "Daktari, mshtakiwa alipotoka ndani, mlango aliuacha wazi au aliufunga?" Sikujua. Jibu lilikuwa kwenye maelezo ya shahidi wa tatu, ambayo nilikuwa nimeyapitia juujuu nikitafuta dalili. Aliufunga, kwa nje, na komeo. "Kwa hiyo alijua anaficha kitu," akasema yule mama, akakaa. Nilisimama pale na kurasa zangu sita kama mtu aliyeleta ndoo kisimani bila kamba.

Jaji alinipa muda wa kuwasilisha ripoti ya nyongeza, kesi ikaahirishwa kwa sababu yangu, na nikarudi kumuuliza mshtakiwa jambo nililopaswa kumuuliza siku ya kwanza. "Ule mlango ulifunga kwa nini?" Akanitazama kana kwamba nauliza jambo la kitoto. "Hao wengine si wangetoka kunifuata?" Hao wengine hawakuwepo. Ndani palikuwa na marehemu peke yake. Mlango ule ule uliokuwa ushahidi wa ujanja wake sasa ulikuwa sehemu ya ugonjwa. Ningeweza kukosea upande wa pili vile vile: mwingine angefunga mlango na kufukia panga kwa sababu anajua alichofanya, na diploma yangu isingebadili hilo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kazi hii hauhusu vitabu vya magonjwa. Soma maelezo ya mashahidi kabla hujamsikiliza mshtakiwa, yasome tena baada ya kumsikiliza, na utengeneze karatasi ya saa: saa kumi alionekana wapi, saa kumi na mbili alisema nini na nani, baada ya tukio alikwenda wapi, alinawa, alikula, alilala? Ugonjwa uliouandika lazima utembee ndani ya saa hizo. Usipoweza kuutembeza, sema wazi kwamba huwezi. Jaji hafungwi na maoni yako, ana haki ya kuyakataa akiyapima na ushahidi mwingine, na akikukatalia kwa sababu hukusoma jalada, amekukatalia kwa haki.

La pili ni lugha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama Tanzania, na madaktari wengi tuligundua siku hiyo kwamba ugonjwa tunaujua kwa Kiingereza tu. Usidhani ni suala la tafsiri. Mshtakiwa mmoja aliniambia, "Nilikuwa nasemwa." Mtaani kusemwa ni kusengenywa, na kuna mtu asiyesemwa? Ningeliandika hivyo hivyo na kuendelea. Nikamuuliza: "Na nani?" Wote. "Uliwaona midomo?" Hapana, walikuwa nje. "Na shambani, ukiwa peke yako?" Hapo ndipo walipokuwa wakisema zaidi, akanijibu, tena kwa kupokezana. Maruweruwe yalikuwa yamejificha ndani ya kitenzi cha kawaida kabisa. Vivyo hivyo kwa "nilichezewa", "nilirushiwa", "kichwa kilijaa". Andika maneno yake kama alivyoyatamka, ndani ya alama za kunukuu, na swali ulilouliza kabla yake.

Kama mtu anazungumza Kisukuma au Kiha kuliko Kiswahili, tafuta mkalimani asiye askari. Najua ni shida. Najua askari yupo hapo hapo, ni mtu wa Shinyanga, na yuko tayari kusaidia. Lakini mahabusu hawezi kumweleza askari kwamba chakula cha gerezani kina sumu, na hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta.

Nimetaja Shinyanga, basi niseme na la uchawi, kwa kuwa vitabu tunavyosomea vimeandikwa na watu ambao jirani yao hajawahi kushukiwa. Mtu ameua bibi kizee kwa sababu, anasema, alimroga mtoto wake. Je, huo ni ugonjwa? Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishahangaika na uchawi miaka ya 1950 katika kesi kutoka Uganda, kwa njia ya kuuliza kama hofu ya kurogwa inaweza kuhesabiwa kuwa uchokozi. Sisi tunaulizwa kwa njia ya akili. Jibu ni kwamba imani ambayo kijiji kizima kinaishiriki haiwi dalili kwa sababu tu imeleta maafa. Mauaji ya vikongwe Usukumani yamefanywa mara nyingi na watu wazima wa akili, wengine wakilipwa. Ninachotafuta ni pale mtu anapoiacha njia ya wenzake. Wanakijiji walidhani yule bibi ni mchawi? Au walimshangaa mshtakiwa alipoanza kusema hivyo? Alikwenda kwa mganga, na mganga akasema nini? Nimewahi kukutana na mtu ambaye waganga wawili walimwambia hakurogwa, akaondoka akiamini nao wamenunuliwa. Mtu akifika mahali ambapo hata mganga anaona amezidi, kaa chini umsikilize vizuri.

Na wanaojifanya? Swali hilo halikosi kamwe. Wapo, na utawaona mapema. Mwenye kujifanya hukuletea ugonjwa wake mezani kabla hujauliza. Atakwambia ng'ombe ana miguu mitatu, wiki ina siku tisa, sauti zinamwamuru mchana kutwa, anaona majoka, kila kitu kwa pamoja. Mgonjwa wa kweli mara nyingi huficha. Hataki kuitwa mwendawazimu, anakwambia yuko sawa na anaomba kesi iishe. Lakini usiringe kwamba umemtambua mjanja kwa mahojiano. Wanaomtambua ni wauguzi. Katika daftari la zamu ya usiku niliwahi kukuta mistari miwili iliyofanya kazi kuliko vipimo vyangu: yule bwana asiyejua kuhesabu vidole alikuwa akiwafunga wenzake drafti wodini, tena anatunza hesabu ya nani anamdai nani sabuni. Msalimie muuguzi wa zamu kabla hujamsalimia mtu yeyote, kaa naye, soma daftari lake kutoka ukurasa wa kwanza. Na jihadhari na ushindi wa haraka, kwa sababu wapo wanaotia chumvi huku ni wagonjwa kweli. Mtu aliyechanganyikiwa na anayekabiliwa na kitanzi anaweza kuamua kwamba ugonjwa wake peke yake hautoshi.

Nimesema kitanzi. Tanzania, adhabu ya mauaji ya kukusudia bado ni kifo, jaji hana chaguo jingine akishamtia mtu hatiani, ingawa hajanyongwa mtu tangu mwaka 1994. Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ilisema mwaka 2019 kwamba ulazima huo unavunja haki, lakini sheria imebaki. Kenya, Mahakama ya Juu iliuondoa ulazima Desemba 2017, na tangu hapo madaktari wa huko wana kazi ya ziada ambayo sisi hatuna: kumweleza jaji, kabla hajatoa adhabu, habari za mtu ambaye ugonjwa wake haukufika kiwango cha wazimu wa kisheria lakini ulikuwepo. Kwetu huku hakuna ngazi za katikati za namna hiyo, na ripoti yako inakuwa nzito kupita kiasi. Utaandika sentensi ya mwisho, utaifuta, utaiandika tena saa nane usiku. Kishawishi cha kumsaidia mtu kitakujia, hasa ukiwa umempenda, na utampenda, kwa sababu wengi wao ni watu wa kawaida waliopata siku moja mbaya kuliko zote. Kishawishi cha kinyume kitakuja ukiwa umeona picha za marehemu. Vyote viwili ni vya binadamu. Daktari asiyeweza kuvitambua ndani yake asubuhi ya mahojiano asiende siku hiyo.

Kuna kundi moja ambalo filamu hazilionyeshi na ambalo wewe utalikuta mara kwa mara: wasichana walioua watoto wao wachanga. Mfanyakazi wa ndani, miaka kumi na tisa, alificha mimba chini ya kanga kwa miezi yote, akajifungua peke yake chooni alfajiri. Sheria ina nafasi yake. Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na cha 210 kwa Kenya vinasema mama aliyemuua mwanawe wa chini ya miezi kumi na miwili, akiwa hajarudi sawa kiakili kutokana na kuzaa au kunyonyesha, hashughulikiwi kama muuaji wa kukusudia. Lakini mtu lazima auone huo mvurugiko, na kesi inakuja kwako baada ya mwaka mmoja, msichana amenenepa kidogo kwa ugali wa gerezani, anajibu kwa upole, usingizi anapata. Utauliza nini? Muulize siku tatu kabla na siku tatu baada. Alilala? Alikula? Alisikia mtoto akilia wakati hayupo tena? Nani alimwosha yeye baada ya kujifungua? Huyo aliyemwosha, kama ni mama mwenye nyumba au jirani, ndiye shahidi wako, na huenda polisi hawakumuuliza lolote kuhusu macho ya yule binti.

Upande wa madai ni wa polepole na unalipa vizuri kidogo. Mzee ameandika wosia unaompa kiwanja mke mdogo, watoto wa mke mkubwa wanadai alikuwa amesahau hata majina yao. Kampuni inataka kujua kama dereva wake anaweza kurudi barabarani. Mahakama inauliza mtoto akae na nani. Watu hukunja pua, ila nawahakikishieni kwamba kesi ya wosia hufundisha usahihi kuliko mauaji kumi, kwa sababu pale kila upande una pesa ya kumlipa daktari mwingine akupinge.

Njia ya masomo ni ndefu na haina mkato. Tanzania ni miaka mitano ya udaktari, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha, ukipata nafasi, miaka mitatu ya ubingwa wa magonjwa ya akili, Muhimbili kwa mfano. Kenya njia inafanana, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina ubingwa huo. Kazi ya mahakama utaionja wakati huo huo wa ubingwa, kwa sababu mabingwa ni wachache na amri za mahakama hazisubiri. Kwenda mbele zaidi mara nyingi ni kusafiri. Marekani huongeza mwaka mmoja wa mafunzo maalumu baada ya miaka minne ya ubingwa, Uingereza hugawa mafunzo yao miaka mitatu ya msingi na mitatu ya juu. Mimi nikiulizwa huelekeza watu Afrika Kusini kwanza, Cape Town kwa mfano. Sheria yao ina uchunguzi wa siku 30 kwa kila awamu, wodi zao zimejaa kama zetu, wana lugha nyingi na wakalimani wa kubahatisha kama sisi. Aliyefundishwa mahali ambapo kila mgonjwa ana chumba chake na mwanasaikolojia wake hurudi nyumbani akilalamika miaka miwili ya kwanza, na mengine aliyojifunza hana pa kuyatumia.

Kama si daktari, usikunje ukurasa. Muuguzi wa afya ya akili, mwanasaikolojia wa kliniki, afisa ustawi wa jamii, wote wana kiti katika kazi hii, na afisa ustawi anayejua kuandika ripoti ya nyumbani kwa mshtakiwa ni lulu. Fedha? Mshahara ni wa bingwa mwingine yeyote wa serikali, posho ya shahidi ni ndogo na huchelewa, na kesi itaahirishwa siku uliyosafiri usiku kucha kuifuata. Vurugu? Wodini hatari ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, mradi ukae karibu na mlango, usimpe mtu mgongo, na usimhoji mtu ambaye muuguzi amekwambia hakulala. Kinachochosha ni faili. Mtu asiyependa kuandika, anayesema "mimi ni wa vitendo", namshauri kwa moyo mweupe aende upasuaji.

Kabla hujajaza fomu yoyote, fanya hivi. Vikao vya kesi za mauaji vya Mahakama Kuu viko wazi kwa umma. Tafuta kikao kilicho karibu nawe, vaa vizuri, keti benchi la nyuma siku tatu mfululizo. Usiangalie mshtakiwa tu. Msikilize daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti anavyohojiwa, uone anavyojibu swali alilojua litakuja na anavyojikwaa kwa lile asilolijua. Mtazame jaji anavyoandika kwa mkono, neno kwa neno, na jinsi shahidi anayekimbia anavyoambiwa asubiri kalamu. Ukichoka siku ya pili ukatamani kurudi wodini, umejijua mapema na bila gharama.

Kisha kuna sehemu ya kazi ambayo haiji na jalada. Mtu ameonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa, au kama sheria ya Kenya ilivyozoea kusema, ana hatia lakini hakuwa na akili timamu, na amewekwa hospitali. Kenya watu hao walikuwa wakikaa kwa hiari ya Rais, bila tarehe, hadi majaji wa Mahakama Kuu walipoanza kusema kwamba kumfungia mtu bila ukomo kunapingana na Katiba ya 2010. Kwetu faili husubiri uamuzi wa Serikali, na uamuzi husubiri ripoti yako kwamba amepona kiasi cha kurudi. Kupona anaweza kupona ndani ya mwaka. Kurudi ni jambo lingine. Marehemu mara nyingi alikuwa mama yake, mke wake au mdogo wake. Nyumba anayotakiwa kurudi ndiyo nyumba ile ile.

Kwa hiyo utajikuta unampigia simu mtendaji wa kijiji. Atakuuliza wewe ni nani, utamweleza, atanyamaza, kisha atasema atamwita kaka mtu. Kaka mtu atakupigia baada ya wiki mbili kwa namba usiyoijua, kwa kubip. Utampigia wewe. Hatauliza kama ndugu yake amejuta, wala kama anawakumbuka. Swali lake la kwanza, na nimelisikia kutoka Tunduru hadi Karagwe, ni hili: "Dokta, ile sindano ya kila mwezi, zahanati ya hapa ipo?" Hapo huna jibu la kitabuni. Unakata simu, unatafuta namba ya muuguzi wa zahanati hiyo, unamuuliza kama dawa ipo rafuni, mara ya mwisho iliisha lini na ilirudi baada ya muda gani. Majibu yake unayaandika kwenye ripoti, pamoja na cheo chake, namba yake na tarehe ya kwanza ya sindano.